Watu Sita wa Kwenye Lifti

"Ni yeye. Pamoja na ubishi wako wote, ni yeye."

"Yeye nani?" Babu Kamba aliuliza bila kuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti pembeni ya mota, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko.

"Mke wangu. Huyu anayejiita Macho Mawili ni mke wangu."

Hapo akaacha kazi. Tulikuwa kwenye chumba cha mashine, juu kabisa ya jengo la ghorofa kumi na mbili, sehemu ambayo mafundi wa lifti tunashinda na wenye ofisi hawajui kama ipo. Babu Kamba ana miaka thelathini ya kubadilisha kamba za chuma za lifti, ndiyo asili ya jina lake. Mambo yangu yote anayajua kwa sababu kule juu hakuna mwingine wa kumwambia.

"Mkeo ambaye Jumatatu mnakwenda kuachana?"

"Huyo huyo. Kwani nina mwingine?"

"Kwa sasa hivi hata huyo unaye nusu."

Sikucheka. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na ujumbe wa wakili ulikuwa kwenye simu yangu tangu asubuhi: *Tafadhali fika ofisini Jumatatu saa nne kamili kwa ajili ya kusaini. Njoo na kitambulisho.* Nilikuwa nimeusoma mara nyingi kuliko barua za mapenzi alizowahi kuniandikia mke wangu, ingawa barua zenyewe zilikuwa mbili tu.

Ngoja niwaeleze mnaonifuata kwenye ukurasa huu, maana mmezoea kunisikia nikisifia tamthilia. Leo ni zamu yangu mimi kusimuliwa.

Ile tamthilia ya Kikorea ya mchambuzi wa tabia za wahalifu mnaijua, nimewachosha nayo. Polisi mmoja mpole, koti moja la kijivu, ofisi yao iko chini ya ardhi na bomba la maji linavuja juu ya meza. Wenzake wanamcheka kwa sababu badala ya kukimbizana na wauaji anakwenda gerezani kukaa nao. Anawauliza vitu vidogo. Nyumbani kwenu nani alikuwa anafunga mlango usiku? Mama yako alikuwa anakuitaje? Muuaji anaanza kuongea, na sisi watazamaji tunajikuta tumeshika shuka kwa meno, hakuna hata bastola iliyochomolewa. Niliipenda tangu dakika ya kumi. Nilipenda kwamba hawamwonyeshi muuaji kama jini. Wanamwonyesha ni mtu, na hapo ndipo unapoogopa kweli.

Tulianza kuiangalia wawili, mimi na mke wangu, wiki mbili baada ya msiba wetu. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Asubuhi moja mtoto aliacha kucheza, na mchana hakuwepo tena. Nyumba ikawa haina la kusema. Basi tukawa tunakaa kwenye sofa, tunasoma maandishi ya tafsiri chini ya Wakorea, walau kuna watu wanaongea humo ndani. Kwa miezi minne, tukirudia vipindi vile vile, tulifika kipindi cha nane. Siku moja nikarudi kazini nikakuta kabati upande wake liko tupu, na karatasi: *Niko kwa mama. Usinifuate.*

Nilimpigia, hakupokea. Nilimtumia ujumbe, ukasomwa, ukabaki hivyo hivyo. Baada ya wiki tatu nikafungua ukurasa huu, Sofa ya Fundi, nikaanza kuandika kuhusu tamthilia ile kuanzia kipindi cha kwanza. Ninyi mlidhani nawaandikia ninyi. Samahani. Nilikuwa namwandikia yeye, kwa sababu nilijua anapenda kusoma komenti za watu.

Na Macho Mawili alianza kukomenti kwenye kipindi cha tatu.

"Nieleze umemjuaje," Babu Kamba alisema, akajifuta mikono na kitambaa. "Lakini nieleze kama mtu mzima, si kama Mkorea."

"Kwanza saa. Anaandika kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni tu. Mke wangu anatoka kazini saa kumi." Mke wangu ni mpokea simu wa huduma kwa wateja, benki. Kutwa nzima anasikiliza watu wakilalamika, na anawatuliza.

"Watu nusu ya dunia wanatoka kazini saa kumi."

"Pili, chakula. Mke wangu hawezi kuangalia filamu bila kuuliza, huyu mtu amekula saa ngapi. Mtu anapigwa risasi, yeye anauliza kama alipata chai. Sasa soma hii."

Nikamsogezea simu. Macho Mawili alikuwa ameandika: *Huyu askari tangu asubuhi yuko gerezani na sijaona akitia kitu mdomoni. Mtu mwenye njaa ataujuaje moyo wa mwenzake?*

Babu Kamba akakuna kidevu, akajipaka grisi.

"Haya. La tatu?"

"Kipindi cha sita, yule muuaji anasema amesamehe yaliyompata utotoni. Macho Mawili akaandika, 'Mwenye kovu usidhani kapoa.' Hiyo ni methali ya mke wangu. Ukimuuliza kama bado kakasirika, anakujibu hivyo hivyo. Na la nne, hawezi kusema mtu ni mwongo. Mke wangu anasema mtu 'anakwepa'. Macho Mawili naye, tafuta komenti zake zote, waongo hawapo. Wanaokwepa wamejaa."

"Na ukikosea?"

"Sikosei. Wasifu umekamilika. Yule mchambuzi kwa ushahidi huu angekuwa ameshavunja mlango."

"Hivi kwa nini usimwendee mkeo ukamwambia neno lako, badala ya kumchambua?"

"Kwa sababu Jumatatu ni siku tano tu, na mlango wa mama yake sifunguliwi."

"Ulishagonga?"

Nilikuwa sijagonga.

Jioni ile nikaangalia kipindi cha tisa, cha kwanza bila yeye. Mnakumbuka nilivyoandika. Niliwaambia kipindi kile kimenimaliza. Mchambuzi amepata jibu la mtoto aliyepotea, na jibu ni baya, na lazima alipeleke kwa mama mtu. Anaegesha gari nje ya nyumba. Hashuki. Kamera haimsogelei hata kidogo, inamwacha akae na mzigo wake. Anawasha waipa za kioo cha gari na mvua hakuna. Anazizima. Niliandika kwamba sijawahi kuona huzuni imeigizwa kwa adabu kiasi kile, na kwamba kila mwanaume aliyewahi kushindwa kushuka kwenye gari amemwona pale ndugu yake. Mlinipa mioyo mia tatu na kitu.

Macho Mawili akaandika:

*Umeandika vizuri sana. Lakini umemsifu aliye ndani ya gari mistari ishirini. Mama aliye ndani ya nyumba hujamwandikia hata mmoja. Huyo naye amekula saa ngapi?*

Nilisoma, nikarudi kwenye andiko langu kumtafuta mama yule, hayumo. Nani mwingine angeniambia hivyo? Kesho yake mchana, kule juu kwenye chumba cha mashine, nikaingia inboksi.

*Najua ni wewe,* niliandika.

*Mimi nani?*

*Usinikwepe. Nimekujua kwa maneno yako. Nimekujua tangu kipindi cha sita.*

Niliona zile nukta tatu zikicheza, zikaondoka, zikarudi.

*Sema unachotaka kusema.*

Hicho ndicho nilichokitafuta miezi minne. Niliandika kwa vidole vyenye grisi, bila kurudia kusoma, kwa sababu ningerudia kusoma ningefuta.

*Mpenzi wangu, siku ile hakukuwa na watu sita. Nilikudanganya. Hakuna lifti iliyokwama. Mama yako aliponipigia saa nne asubuhi niliacha kazi nikaja mbio, saa nne na nusu nilikuwa nimeshaegesha hospitali. Sikuweza kushuka. Nilishika mlango nikauachia. Nilijua nikiingia nitauona uso wako na itakuwa kweli. Nilikaa mle mpaka saa nane na nusu. Nilipoingia kila kitu kilikuwa kimekwisha, mama na shangazi yako wameshamaliza yote, na wewe ukaniuliza ulikuwa wapi. Ikatoka tu. Nikasema lifti imekwama na watu sita ndani na mmoja ana pumu. Najua uliponiona sina raha ulidhani nina mwanamke. Sina. Sijawahi. Nina aibu tu. Nakumbuka miguu yako ya baridi unayoiweka mgongoni kwangu, sasa nalala na soksi zako. Usisaini Jumatatu. Nakuomba.*

Nikatuma. Babu Kamba alikuwa ananiangalia.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia yote."

"Basi kaa chini. Usije ukaangukia kwenye mota."

Dakika kumi nzima. Kisha simu ikaita. Haikuwa namba ya mke wangu. Kwenye kioo kilitokea *Mama Mkwe*.

Nikapokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Nikasikia akizima redio. "Mkwe wangu, ulidhani unaongea na nani?"

Nilimwangalia Babu Kamba kama mtu anayetafuta mahali pa kushika.

"Macho Mawili ni… ni mama?"

"Ni mimi. Nina tableti yangu. Mwanangu akirudi kazini anaangalia hiyo tamthilia yenu peke yake, haongei, anarudia vipindi vile vile. Nikasema ngoja na mimi niangalie, nijue kuna nini humo. Ukurasa wako alishanionyesha."

"Lakini maneno… methali… chakula…"

"Kwani unadhani yeye kajifunzia wapi?"

Hata saa ilikuwa imenionya: Macho Mawili alinijibu mchana, mke wangu akiwa kazini, nami sikushtuka. Wasifu wangu ulikuwa sahihi kila kitu, isipokuwa mwenyewe. Miezi minne ya kuchambua wauaji wa Kikorea, na sikukumbuka kwamba mke wangu ana mama.

"Mama, nilivyoandika kuhusu… miguu…"

"Hayo nimeyaruka. Nilipaswa kukuzuia mapema nikwambie si yeye. Sikukuzuia. Nilitaka kusikia. Na mimi nina kosa langu." Sauti yake ikabadilika. "Unajua kwa nini nilianza kukuandikia? Nilitaka kujua mtu aliyemwacha mwanangu peke yake siku ile anaweza vipi kuandika vizuri hivi, mpaka kulia, kwa ajili ya kina mama wa kwenye TV."

"Mama…"

"Mimi nilikuwa ndani. Mkono wake nilishika mimi. Kila baada ya muda ananiuliza, mama, kafika? Namwambia yuko njiani. Halafu ukaja, ukasema watu sita. Unajua nilifanya nini jioni ile? Niliwaombea hao watu sita. Yule mwenye pumu nilimwombea kipekee."

Nikaanza kulia. Sisemi machozi yalinilenga, nasema nililia kwa sauti, na Babu Kamba akatoka nje akafunga mlango.

"Nisamehe, mama."

"Si mimi wa kuombwa kwanza. Yeye anajua haya?"

"Hajui. Utamwambia?"

"Nimwambie mimi? Mambo ya siku ile nilikufanyia yote. Hili hapana." Nikamsikia akifunua kalenda. "Jumapili saa tisa mchana atakuwepo. Uje. Usije na mjomba wala mshenga wa kukusemea. Na kula kabla hujaja, sitaki mtu aniangukie sebuleni."

Akakata.

Babu Kamba aliporudi nilimweleza. Alijitahidi sana, namshukuru, lakini ilipofika kwenye miguu ya baridi alishindwa. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Umemwambia mama mkwe unalala na soksi."

"Za mwanawe."

"Afadhali basi." Akafuta macho. Kisha uzito ukamrudia. "Umepata mlango. Usiuchambue. Ingia tu."

Siku tatu zile sitaki kuzirudia. Ijumaa nilifunga bodi ya umeme vibaya, Babu Kamba akanipiga kofi mkononi kabla sijajiunguza. Jumamosi nilifua shati moja mara mbili. Nilikuwa najua hivi: nikimwambia, atajua mumewe ni mwoga na mwongo, atasaini kwa moyo mkunjufu. Nisipomwambia, atasaini vilevile. Kila upande palikuwa na kalamu ya wakili. Niliomba hata lifti ya kwenye jengo lao iharibike, nikakumbuka mama mkwe anaishi nyumba ya chini.

Jumapili saa tisa kamili nikagonga. Alifungua mama mwenyewe, kajifunga leso kichwani, miwani kwenye paji la uso. Tuliangaliana kama watu waliowahi kukutana mahali pabaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Unakwepa. Pita."

Sebule ile naijua. Makochi yana vitambaa alivyoshona kwa mkono, na juu ya meza kulikuwa na ile tableti kwenye mfuko wake wa ngozi. Sikuweza kuiangalia. Mke wangu akatoka chumbani. Alikuwa amepungua. Alikuwa amevaa gauni la nyumbani ambalo huwa anasema ni la kuchomea moto na hachomi. Nilitaka kusimama, nikasimama, nikakaa tena.

"Kaeni muongee," mama alisema. "Mimi nina nguo za kuanua."

Nguo zenyewe, niliziona dirishani, bado zilikuwa zinachuruzika maji.

"Mama kasema una neno," mke wangu alisema. "Sema. Kesho nina shughuli."

"Shughuli yenyewe ni mimi."

"Ndiyo. Sema."

Nilikuwa nimejiandaa. Babu Kamba alinisikiliza mara tatu.

"Kipindi cha tisa, yule mchambuzi anakaa kwenye gari—"

"Sikukuita tuangalie tamthilia."

"Najua, ila nilikuwa nataka—"

"Usinieleze Mkorea. Kama huna lako, toka tu, hatugombani."

Basi nikaacha Wakorea. Nikamwambia. Bila mpangilio, nikaanzia katikati. Nikamwambia kuhusu mlango wa gari, kuhusu saa nne na nusu, kuhusu simu niliyoizima mwenyewe kwa mkono wangu. Nikamwambia watu sita hawakuwepo. Nikamwambia niliwaza watu sita kwa sababu ndio idadi inayoandikwa kwenye kibao cha lifti ndogo, watu sita, kilo mia nne na hamsini. Nikamwambia naogopa mpaka leo, na sasa hivi, hapa kwenye kochi hili.

Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Nilipomaliza, alisema: "Ulifungua mlango mara tano."

"Mara… umesemaje?"

"Mlango wa gari. Ulifungua mara tano. Mara ya nne ukatoa mguu mmoja nje, ukaurudisha."

Nikahesabu kichwani. Zilikuwa tano kweli.

"Wodi ilikuwa ghorofa ya tatu," akaendelea kwa ile sauti yake ya kazini, ya kumtuliza mteja, na ndiyo iliyoniua zaidi. "Kitanda changu kilikuwa cha dirishani. Chini ni maegesho. Pikapu nyeupe ya kazini kwenu, ngazi juu, taa moja ya nyuma imevunjika. Ulivyoingia tu nilikuona. Nikamwambia nesi, mume wangu kafika. Unajua nesi alifanya nini? Akanichana nywele. Akasema asikukute hivi, ataogopa."

"Mungu wangu."

"Nikakaa na nywele zangu zilizochanwa. Mara ya kwanza ulipofungua mlango nikasema anakuja. Mara ya pili nikasema anaongea na simu. Mara ya tatu nikamwambia nesi nilikosea, yule si yeye."

"Na mama?"

"Mama alikuwa upande wa pili, hakuona. Alikuwa ananiambia uko njiani, nami namuuliza ili azidi kusema. Ningemwambia nini? Mume wangu yuko chini anafungua na kufunga mlango? Nilimwacha. Nilimwacha hata akawaombea watu wako sita."

Nilishuka kwenye kochi, nikakaa sakafuni. 

"Kwa nini hukuniambia? Siku ile nilipoingia, kwa nini hukuniambia umeniona?"

"Kwa sababu ulianza na watu sita. Ungekaa tu ukalia, ningekwambia. Ningekwambia nimekuona, pole, njoo. Niliogopa na mimi, unadhani mimi sikutaka kukaa kwenye gari?" Sauti ya kazini ikakatika. "Lakini uliingia na watu sita, na mmoja ana pumu. Ukaniachia na hao watu nimeze na dawa."

"Nilidhani umeondoka kwa sababu ya mwanamke. Nilidhani umefikiri nina mwanamke."

"Mwanamke ningejua la kumfanya." Akafuta uso kwa mkono wa gauni. "Miezi minne baada ya pale nilikaa nawe. Kila jioni kwenye lile sofa. Nilikuwa nasubiri useme. Wewe ukawa unanieleza muuaji wa Kikorea kwa nini yuko vile alivyo. Shule aliyosoma ukaijua. Jina la mbwa wake ukalijua. Ukawa unalia kwa ajili yake. Nikasema huyu mtu ana huruma ya kugawa dunia nzima, na mimi niko hapa pembeni, mguu kwa mguu, haniulizi."

Nilisema neno moja tu, na nililisema kwa sababu lilikuwa kweli: "Nilishindwa."

"Najua ulishindwa. Nilikuona."

Nje mama alikuwa anapanga nguo mbichi kwenye kapu, anazitoa, anazipanga tena.

"Kuna kitu hujaniuliza," akasema.

"Kitu gani?"

"Miezi minane sasa. Hujauliza hata leo. Umekuja na ya kwako yote, gari lako, mlango wako, woga wako. Sawa, nimesikia, na nilitaka kusikia. Lakini bado hujauliza."

Nilifikiri. Aliniangalia nikifikiri, na niliona uso wake ukianza kujifunga, kama mtu anayerudisha vyombo kabatini. Nikajua dakika hii ikipita, kesho saa nne nitasaini. Nikaacha kutafuta jibu la werevu. Nikamfikiria yeye, kitandani, kabla ya gari, kabla sijafika. Walimpa nini mikononi?

Ikanijia, na aibu yake ilikuwa kubwa kuliko ile nyingine yote.

"Alikuwa…" Nikaanza upya. "Mtoto alikuwa wa kike au wa kiume?"

Mke wangu akafunika mdomo. Alilia kwa muda mrefu, na mimi sikumsogelea wala sikumkataza. Nilikaa pale pale sakafuni nikasubiri.

"Wa kike," alisema.

"Alifananaje?"

"Nywele nyingi. Nyeusi, mpaka huku shingoni. Paji la uso lako, hilo hilo pana. Mama alisema miguu mikubwa ni ya upande wetu."

"Ulimbeba?"

"Nilimbeba. Waliniachia nusu saa. Nilimfunga vizuri kwenye kitenge cha mama, nikamwonyesha dirishani."

Hakusema alimwonyesha nini dirishani. Nilijua, na najua mpaka leo.

"Nilimpa jina," akasema. "Nesi aliuliza aandike nini kwenye kadi, mama akasema aandike mtoto wa fulani. Nikakataa. Nikataja jina. Mama analijua, mimi nalijua, basi."

"Naomba nilijue."

"Kwa nini?"

"Ni mwanangu."

Alikuwa hajawahi kunisikia nikisema hivyo, kwa sababu sikuwahi kusema. Akashuka kwenye kochi, akakaa sakafuni, si karibu sana. Kisha akainama akaniambia jina. Nililirudia polepole nisilikosee. Akalirudia na yeye. Tulilisema mara kadhaa, kwa zamu, na mlangoni mama alikuwa amesimama na kapu lake la nguo mbichi, na yeye midomo inacheza.

Ilipofika saa kumi na mbili nikainuka kuondoka.

"Kesho?" niliuliza.

"Kesho saa nne niko kazini. Wakili nitampigia mwenyewe, nimwambie bado tunaongea." Akanyoosha kidole. "Sijasema narudi."

"Sijasema umesema."

"Jumapili ijayo uje. Uje na maswali. Hadithi zako waachie wa kwenye simu."

Mama mkwe alinisindikiza mpaka mlangoni na chakula kwenye bakuli lenye mfuniko. "Kula," alisema. "Na lile la miguu, mimi na wewe halijatokea."

Basi ndugu zangu wa Sofa ya Fundi, mnaouliza kipindi cha kumi kiko wapi, sijakiangalia. Bado naamini ni tamthilia bora kuliko zote nilizowahi kuona, na yule mwigizaji wa koti la kijivu apewe tuzo zote zilizopo. Ila nimeshakwenda Jumapili tatu, na bado nina maswali. Wengine mmeniandikia inboksi mnataka kujua mtoto aliitwa nani. Nimewaambia mengi hapa, mpaka ya aibu. Jina siwaambii.